Tarakilishi kuukuu ikikataa kuwaka, anzia ukutani kabla ya kuihukumu

TARAKILISHI ya mezani iliyotumika kwa mwongo mmoja au zaidi inapobonyezwa kitufe ikakataa kuwaka, wengi huamua papo hapo kwamba imekufa. Hupelekwa kwa fundi, na aghalabu hukumu inayotolewa huwa nzito: ubao mkuu wa saketi, ambao mafundi huuita madabodi, umeungua, na afadhali mwenyewe anunue mashine nyingine. Pamoja na mashine hiyo hutupwa picha za harusi, hesabu za chama, barua na kazi za watoto zilizohifadhiwa kwa miaka mingi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa halimo kwenye ubao huo. Limo katika njia ya umeme, yaani soketi ya ukutani, fyuzi ya plagi, kebo, swichi au pawa saplai, kifaa kinachougawa umeme ndani ya tarakilishi. Vipuri hivi huuzwa kwa bei ndogo mno kuliko mashine nzima, na vingi vinaweza kukaguliwa nyumbani na mtu asiye fundi. Muhimu ni kufuata utaratibu: ukaguzi uanzie ukutani na uingie ndani hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Na upo mpaka mmoja ambao asiye fundi hapaswi kuuvuka kamwe: kasha la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe.

Umeme unavyofika ndani

Umeme unaosambazwa na kampuni ya Kenya Power majumbani ni wa volti 240, na hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Vipuri vya ndani ya tarakilishi haviwezi kuustahimili umeme wa aina hiyo. Kazi ya pawa saplai, kile kisanduku cha bati chenye feni kilicho upande wa nyuma, ni kuushusha na kuufanya uwe wa mwelekeo mmoja, kisha kuugawa katika viwango vitatu vikuu: volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Tarakilishi nyingi za mezani zilizoingia humu nchini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hufuata muundo uitwao ATX, uliotangazwa na kampuni ya Intel mnamo 1995. Kabla ya muundo huo, swichi ya mbele ilikata na kurudisha umeme wenyewe, kama swichi ya taa. Katika ATX, kitufe cha mbele hutoa ombi tu. Ubao mkuu hulipokea ombi hilo, kisha huiamuru pawa saplai iwake. Ili jambo hilo liwezekane, pawa saplai huendelea kutoa volti 5 kupitia waya wa zambarau wakati wote plagi inapokuwa ukutani, hata kama mashine inaonekana imezimwa.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza ya usalama. Kuzima tarakilishi si kukata umeme. Kabla ya kugusa chochote ndani yake, sharti plagi ichomolewe ukutani.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba pawa saplai hujikagua yenyewe. Inapowashwa, huchukua sehemu ndogo ya sekunde kuhakikisha viwango vyake vimetulia, kisha hutuma ishara kupitia waya wa kijivu kuuarifu ubao mkuu kwamba umeme uko shwari. Ishara hiyo isipofika, prosesa haianzi kazi, ingawa feni zinaweza kuwa zinazunguka.

Kusoma dalili

Kabla ya kushika bisibisi, mwenye mashine atazame na kusikiliza. Iwapo hakuna taa, feni wala sauti yoyote, yamkini umeme haufiki kabisa, au kitufe cha mbele kimeharibika, au pawa saplai imekufa. Iwapo feni huzunguka kwa sekunde moja kisha zikasimama, pawa saplai inajilinda baada ya kugundua shoti mahali fulani ndani ya mashine.

Iwapo feni zinazunguka lakini kiwambo ni cheusi, tatizo laweza kuwa la kumbukumbu iliyolegea, kadi ya picha, ubao mkuu au ishara ya waya wa kijivu. Aidha, kiwambo kina umeme wake na kebo yake. Kikaguliwe kivyake kabla ya tarakilishi kulaumiwa.

Dalili inayowachanganya wengi ni ya mashine inayowaka vizuri kisha ikajizima au kujiwasha upya kazi inapozidi, mathalani diski inapoanza kusoma kwa kasi au mchezo unapofunguliwa. Wengi hudhani ni virusi. Huenda ikawa ni joto lililozidi, au pawa saplai iliyochoka isiyoweza tena kutosheleza mahitaji.

Harufu ya kuungua, moshi au mlio kama wa risasi ni dalili isiyohitaji uchunguzi wa nyumbani. Soketi izimwe, plagi ichomolewe, na mashine isijaribiwe tena hata mara moja kabla ya fundi kuiona.

Ukaguzi wa nje

Hatua ya kwanza ni soketi. Ichomekwe taa ya mezani au chaja ya simu ili kuthibitisha kwamba umeme upo. Kama tarakilishi imepitia kwenye ekstensheni, stabilaiza au UPS, vifaa hivyo viondolewe na mashine ichomekwe moja kwa moja ukutani. Betri ya UPS kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na UPS ambayo betri yake imekufa inaweza kukataa kuwaka, ikamfanya mwenyewe adhani tarakilishi ndiyo iliyoharibika.

Hatua ya pili ni plagi. Plagi za pini tatu zinazotumika nchini Kenya huwa na fyuzi ndani yake. Fyuzi hiyo itolewe na nyingine ya kiwango kilekile itiwe. Kamwe isifungwe waya wala karatasi ya bati mahali pake. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla ya kebo kupata moto. Anayeiziba kwa waya ameondoa kizuizi cha mwisho kati ya hitilafu ndogo na nyumba kuteketea.

Hatua ya tatu ni kebo. Ile inayoingia nyuma ya tarakilishi kwa kawaida hufanana na ya kiwambo, kwa hivyo zinaweza kubadilishanwa kwa majaribio. Kebo ilegeapo kwenye tundu lake hukatakata umeme, na mashine hujizima kila meza inapotikiswa. Katika maeneo ya Pwani, chumvi iliyo hewani hutia kutu pini za chuma, nazo hukosa kugusana vyema.

Hatua ya nne ni swichi ndogo iliyo mgongoni mwa pawa saplai, yenye alama ya mstari na duara. Mstari ni kuwasha. Duara ni kuzima. Si ajabu swichi hiyo kuguswa na mtu anayepangusa vumbi, na mashine nzima ikapelekwa kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kenya hutumia nafasi ya 230. Mashine za mitumba zilizotoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120, huenda zikafika zikiwa zimeelekezwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika soketi ya Kenya, pawa saplai inaweza kulipuka kwa kishindo mara moja. Swichi hiyo itazamwe kabla ya mashine mpya nyumbani kuchomekwa, na isiguswe kamwe umeme ukiwapo.

Baada ya hayo, lipo jaribio jepesi ambalo limefufua mashine nyingi. Plagi ichomolewe, kisha kitufe cha kuwasha kibonyezwe na kushikiliwa kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani uishe. Plagi irudishwe na mashine ijaribiwe. Ikiwa pawa saplai ilikuwa imejifunga baada ya umeme kuruka, hatua hiyo huifungua.

Ukaguzi wa ndani

Kama mashine bado haijawaka, plagi ichomolewe na ubavu wa kasha ufunguliwe. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Mende, siafu na mijusi hupenda joto la ndani ya kasha, na mjusi mmoja aliyekwama kati ya nyaya anatosha kusababisha shoti.

Mbao nyingi za ATX zina taa ndogo inayowaka mara tu plagi inapochomekwa. Ikiwa inawaka, umeme wa waya wa zambarau unafika, na pawa saplai angalau haijafa yote. Hapo shaka ielekezwe kwanza kwenye kitufe cha mbele. Kitufe hicho huunganishwa na ubao mkuu kwa nyaya mbili nyembamba. Nyaya za kitufe cha kuanzisha upya zinaweza kuchomekwa mahali pa zile za kuwasha. Mashine ikiwaka kwa kitufe hicho cha pili, kipuri kilichoharibika kimejulikana, na gharama yake ni ndogo.

Kwa mashine inayowaka kidogo na kuzima, njia bora ni kupunguza mzigo. Diski, viendeshi vya CD na kadi za ziada zichomolewe, ibaki prosesa na kipande kimoja cha kumbukumbu. Ikiwaka hivyo, vipuri virudishwe kimoja baada ya kingine, plagi ikichomolewa kila mara kabla ya kipuri kuguswa. Kile kinachorudisha tatizo ndicho chenye shoti, au basi pawa saplai haina nguvu ya kukihudumia.

Kupima pawa saplai

Wenye uzoefu kidogo wanaweza kuipima pawa saplai ya ATX ikiwa peke yake. Mashine ikiwa imechomolewa, nyaya zote za pawa saplai hutenganishwa na ubao mkuu na vipuri vingine. Katika kichwa kikubwa cha nyaya 20 au 24, tundu la waya wa kijani huunganishwa na la waya mweusi kwa kipande cha waya mfupi. Feni ya ziada au kiendeshi kikuukuu huunganishwa ili kiwe mzigo, kwani baadhi ya pawa saplai za zamani hazifanyi kazi bila mzigo wowote. Kisha plagi hurudishwa ukutani. Feni ikizunguka, pawa saplai inaweza kuwaka.

Hata hivyo, kuwaka si uthibitisho wa afya. Ndiyo maana fundi makini hutumia multimita. Waya mweusi ukiwa ndio kigezo, waya wa manjano unapaswa kuonyesha kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya volti 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa kati ya volti 3.14 na 3.47. Kipimo kikiwa nje ya mipaka hiyo, pawa saplai ibadilishwe hata kama feni inazunguka bila wasiwasi. Kipimo kichukuliwe pia mashine ikiwa kazini, maana pawa saplai iliyochoka hupata alama zote ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka inapotwikwa.

Onyo moja lizingatiwe. Baadhi ya tarakilishi za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia kichwa kinachofanana kabisa na cha ATX, ilhali mpangilio wa nyaya ulikuwa tofauti. Kuziwekea pawa saplai ya kawaida kunaweza kuuchoma ubao mkuu uliokuwa mzima.

Mpaka usiovukwa

Ndani ya kasha la pawa saplai mna kapasita kubwa zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Kiwango hicho kinaweza kuua. Aidha, ile fyuzi iliyomo ndani inapokatika, mara nyingi huwa ni matokeo ya hitilafu nyingine wala si chanzo chake. Atakayeibadilisha pekee ataona ya pili ikikatika vilevile. Kwa kuwa pawa saplai nzima hupatikana kwa urahisi, hakuna faida inayolingana na hatari ya kuifungua nyumbani.

Wapo pia wanaolalamika kwamba kasha la tarakilishi huwatekenya au kuwapiga shoti wanapoligusa. Aghalabu hiyo ni ishara kuwa waya wa ardhini haupo au umekatika, pengine kwa sababu ya soketi iliyofungwa vibaya au adapta ya pini mbili. Vichujio vya pawa saplai hutegemea waya huo kuondoa umeme mdogo unaovuja. Usipokuwapo, umeme hulisubiri mkono wa mtu. Hali hiyo isizoewe. Ikiwa hitilafu kubwa zaidi itatokea siku moja, kasha hilohilo linaweza kubeba umeme wote wa ukutani. Fundi wa umeme aliyeidhinishwa aitwe akague nyaya za nyumba.

Kapasita zilizovimba na betri ndogo

Mashine zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina ugonjwa wao mahususi. Kapasita nyingi za kipindi hicho zilikuwa na dosari, nazo huvimba juu au kutoa majimaji ya kahawia. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mnamo 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za kugharamia ukarabati na ubadilishaji wa mashine zilizoathirika. Kapasita nzima huwa na kichwa bapa. Yenye kitumbo imeharibika. Fundi hodari wa kulehemu anaweza kuziondoa na kutia nyingine zenye kipimo kilekile na volti zisizopungua za awali. Kwa hivyo hata ubao mkuu unaosemekana umekufa huenda ukaponywa.

Ukaguzi usisahau ile betri bapa ya volti 3 aina ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu. Ikiisha, saa na tarehe hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu mashine inadhani ingali miaka ya kale. Mbao chache hukataa kuwaka kabisa. Betri hiyo ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini zaidi katika tarakilishi nzima.

Kununua pawa saplai nyingine

Jijini Nairobi, barabara ya Luthuli inajulikana kwa maduka ya vifaa vya elektroniki, na miji mingine ina maduka yake. Anayekwenda kununua abebe ile ya zamani ili alinganishe ukubwa wa kasha, idadi ya nyaya za kichwa kikuu, na kama diski zake zinatumia plagi kubwa ya pini nne au ile bapa ya SATA. Kichwa cha nyaya 24 aghalabu huwa na sehemu ya nyaya nne inayotenganishwa, hivyo huingia katika mashine ya nyaya 20.

Wati zilizoandikwa ubavuni zisiwe chini ya za awali, lakini zisiaminiwe peke yake. Mashine za zamani za kizazi cha Pentium III hutegemea zaidi laini ya volti 5, ilhali pawa saplai za sasa zimeelemea laini ya volti 12. Ampea za kila laini zisomwe na kulinganishwa. Uzito nao ni shahidi: pawa saplai nyepesi mno huenda ikawa imepunguzwa vipuri vya ndani. Wahenga walionya kuwa rahisi ni ghali, na katika jambo hili rahisi inaweza kuondoka na diski pia.

Wenye mashine za muundo wa AT wakumbuke kanuni ya mafundi wa zamani: vichwa viwili vya nyaya huchomekwa ubaoni vikiwa sambamba, nyaya nyeusi za kila kichwa zikikutana katikati. Vikigeuzwa, ubao huungua.

Kinga

Nchini Kenya kinachoua pawa saplai nyingi si kukatika kwa umeme, bali namna unavyorudi. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru alisababisha umeme kupotea kote nchini kwa saa kadhaa. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani tena. Katika visa kama hivyo, na hata katika vile vya mtaa mmoja, volti zinaweza kupanda na kushuka umeme unaporejea. Busara ni kuzima soketi mara tu giza linapoingia, na kusubiri dakika chache baada ya taa kuwaka kabla ya kuwasha tarakilishi.

Katika nyanda za Kisii na maeneo ya Ziwa Victoria, ambako radi ni za mara kwa mara, plagi ichomolewe kabisa mvua inapoanza kunguruma. Kebo ya intaneti ichomolewe pia, kwani radi haichagui mlango. UPS yenye betri nzima husaidia, mradi printa ya leza isiunganishwe nayo, maana hiyo huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Hata hatua zote zikishindikana, kazi iliyohifadhiwa haijapotea. Diski ni kifaa cha pekee, na kwa kawaida haifi kwa sababu tu pawa saplai imekufa. Inaweza kutolewa na kuunganishwa na tarakilishi nyingine kwa adapta ya USB, bora adapta ilingane na aina ya diski, iwe IDE au SATA, kisha yaliyomo yakanakiliwe. Mwenye mashine asikubali kuiacha kwa fundi wala kuiuza kama chuma chakavu kabla diski yake haijatolewa. Mabaki nayo yasichomwe moto wala kutupwa jalalani, kwa kuwa yana risasi na kemikali nyingine zenye sumu. Yapelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre ya jijini Nairobi.